Redio ya ridhaa: sikiliza kwanza, pata leseni, ndipo uzungumze

Mto Sabaki ukivunja kingo zake, vijiji vya Magarini hupoteza vitu viwili kwa mpigo: barabara na simu. Mnara wa simu hula umeme. Umeme ukikatika, betri zake hudumu saa chache, kisha jenereta huchukua zamu. Mafuta yakiisha huku barabara iko chini ya maji, mnara hunyamaza. Siku hiyo aliye na simu ya bei kubwa na aliye na mulika mwizi huwa sawa.

Ipo njia ya mawasiliano isiyohitaji mnara wa kampuni yoyote. Ni waya uliotundikwa kati ya miti miwili, redio ndogo inayotosha juu ya meza, betri ya gari na mtu aliyejifunza kuitumia. Njia hiyo ni redio ya ridhaa. Neno ridhaa hapa ni lile lile la ndondi za ridhaa: mtu hufanya kwa kupenda, si kwa malipo. Wenyewe kwa Kiingereza hujiita ham, na masikio ya Mswahili huisikia kama hamu, jambo ambalo haliko mbali na ukweli.

Somo hili ni la anayetaka kuanza: mwanafunzi wa sekondari, fundi wa simu, mwalimu wa fizikia, mstaafu mwenye nafasi. Huhitaji shahada. Unahitaji subira, hesabu za darasa la nane na masikio.

Ni nini, na si nini

Mwenye redio ya ridhaa hupewa na serikali leseni na alama ya wito, yaani jina lake la hewani lisilo la mtu mwingine duniani. Alama nyingi za Kenya huanza na 5Z4. Kwa leseni hiyo anaruhusiwa kuzungumza na wenzake wa nchi yoyote kwenye masafa yaliyotengwa, kujaribu antena na mitambo aliyojitengenezea, kutuma maandishi kwa kompyuta, hata kuwasikiliza wanaanga. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina redio ya ridhaa, na sauti yake hushuka kwenye masafa ya 145.800 MHz kinapopita juu yetu. Kaunti hii si mgeni wa mambo hayo: kutoka majukwaa ya San Marco pale Ngomeni, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Asichoruhusiwa ni biashara. Hawezi kuuliza bei ya mahindi ili auze, wala kupiga muziki kama stesheni ya FM, wala kuzungumza kwa mafumbo ili wengine wasielewe. Yote husemwa wazi, kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo.

Watu wengi huchanganya redio hii na nyingine. Mvuvi wa Mayungu au Ngomeni anayetaka usalama baharini hahitaji redio ya ridhaa, anahitaji redio ya bahari, yenye chaneli 16 (156.800 MHz) inayosikilizwa na vyombo vingine na walinzi wa pwani. Kampuni ya walinzi nayo ina leseni ya aina yake. Kila kundi lina shamba lake, na mipaka ya mashamba hayo ni ya kimataifa.

Hapa ndipo tunapaswa kusema wazi kuhusu zile redio ndogo za mkononi zinazouzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Vijana wanazinunua mbili mbili na kuanza kuzungumza siku hiyo hiyo. Nyingi kati yake zinaweza kurusha mawimbi kuanzia 136 hadi 174 MHz, na humo ndani mna masafa ya vyombo vya bahari na ya huduma nyingine zenye leseni zao. Anayebonyeza kitufe bila kujua yuko wapi anaweza kumfunika nahodha anayeomba msaada, na wala hatajua amefanya hivyo. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, kurusha mawimbi bila leseni ni kosa, hata kama ulikuwa unamsalimu ndugu yako ng'ambo ya pili ya boma.

Mawimbi husafirije

Mawimbi ya 145 MHz husafiri kama mwanga wa kurunzi: yanafika pale jicho linapoweza kufika. Ukiwa juu ya kilima cha Kaloleni utasikika mbali. Ukiwa bondeni, kilima kitakuzuia.

Masafa mafupi, kati ya 3 na 30 MHz, yana tabia tofauti. Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita 60 hivi hadi mia kadhaa, kuna tabaka za hewa nyembamba ambazo jua limezitia chaji ya umeme. Mawimbi haya yakipanda hupindwa na tabaka hizo na kurudi ardhini mbali sana, kama mpira unaodunda ukutani. Ndiyo maana wazee wetu walisikiliza BBC kutoka London bila setilaiti wala kebo ya baharini.

Mchana, tabaka la chini kabisa hunyonya mawimbi ya masafa ya chini. Kwa hiyo kwenye 7 MHz mchana utazungumza na watu walio ndani ya kilomita mia chache. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na masafa yale yale yanakupeleka maelfu ya kilomita. Kwenye 14 hadi 28 MHz mambo hugeuka: mchana ndio wakati wake. Juu ya hayo, jua lenyewe lina mzunguko wa karibu miaka 11 wa madoa kuongezeka na kupungua. Madoa yakiwa mengi, 28 MHz huchangamka hata kwa mwenye wati tano.

Kwa kaunti yenye vilima na mabonde kama yetu, jambo la manufaa zaidi ni hili. Waya wa 7 MHz ukiwekwa chini, mita nne hadi sita tu kutoka ardhini, hurusha nguvu zake nyingi moja kwa moja juu. Mawimbi hupanda na kushuka kama mvua, yakimwagikia eneo lote la kilomita mia tatu au zaidi kuzunguka, mabonde yakiwemo. Mtu aliye Ganze anaweza kuzungumza na aliye Malindi, Voi au Garsen bila kujali kilima kilicho katikati. Vitabu vingi vya wageni husifu antena ndefu zilizo juu kabisa, na kwa kuzungumza na Marekani wana haki. Kwa dharura za huku kwetu, waya wa chini unafaa zaidi, na ni rahisi kuutundika.

Wiki za kwanza: masikio

Usianze kwa kununua kifaa cha kuzungumzia. Anza kwa kusikiliza, na unaweza kuanza leo kwa simu tu. Chuo Kikuu cha Twente huko Uholanzi kina redio ya masafa mafupi iliyounganishwa na intaneti, ambayo mtu yeyote duniani huizungusha apendavyo. Utasikia Ulaya kama uko huko.

Baadaye tafuta redio ya kupokea yenye masafa mafupi. Jambo moja la kuangalia kabla hujatoa pesa: iwe na herufi SSB. Waendeshaji wa redio ya ridhaa huzungumza kwa mtindo huo, unaokata sehemu ya wimbi isiyobeba sauti ili kuokoa nguvu. Redio ya kawaida ya nyumbani itakupa mlio kama wa bata. Redio yenye SSB hurudisha sehemu iliyokatwa na bata akawa mtu.

Zoezi zuri la kwanza liko kwenye 14.100 MHz. Hapo kuna vituo 18 vya alama vilivyotawanyika duniani, vinavyopokezana: kila kimoja sekunde 10, na zamu zote huisha kwa dakika tatu, kisha huanza upya, usiku na mchana. Kenya ina chake, kinachoitwa 5Z4B. Tega saa yako iwe sahihi kabisa. Mzunguko ukianza, kwenye dakika moja na sekunde 30 inakuja Sri Lanka (4S7B), sekunde 40 Afrika Kusini (ZS6DN), sekunde 50 ni sisi, na dakika mbili kamili Israeli (4X6TU). Kila kituo hutaja jina lake kwa mosi, kisha hutoa mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa wati moja, wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Ukisikia mistari mitatu, umejifunza kwa masikio yako kuwa wati moja imevuka bahari.

Mosi ya 5Z4B ni hii: nukta tano, mistari miwili na nukta mbili, nukta nne na mstari, mstari na nukta tatu. Huenda kasi, basi irekodi kwa simu uisikilize polepole. Tangu 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena kujua mosi ili kupata leseni ya masafa mafupi, lakini anayeijua husikika pale sauti inaposhindwa.

Usishangae ukiwa Kilifi uisikie Sri Lanka na usiisikie Nairobi. Kwenye 14 MHz wimbi hudunda mbali na kuruka walio karibu, na Nairobi inaweza kuwa ndani ya eneo linalorukwa. Vituo hivi pia huendeshwa na watu wa kujitolea, na kimoja au viwili huweza kuwa kimya kwa matengenezo. Weka daftari. Andika tarehe, saa, masafa na ulichosikia. Baada ya mwezi utaona mpangilio, na daftari hilo litakufunza kuliko mwalimu.

Ukisikia mazungumzo ya huduma nyingine ambayo hayakukusudiwa wewe, yaache yapite. Hayapaswi kurekodiwa wala kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Waya wa mita 20

Antena rahisi kuliko zote ni waya mmoja uliokatwa katikati, nusu mbili zikiungwa na kebo inayoshuka kwenye redio. Urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa. Kwa 7.1 MHz ni 143 gawanya kwa 7.1, yaani mita 20.1, au mita 10 na kidogo kila upande. Kata kila upande ukiwa na sentimita 30 za ziada, utundike, upime, kisha punguza kidogo kidogo. Waya mrefu hukatwa, mfupi hauongezeki.

Waya wa umeme wa nyumba unafaa. Kati pawe na kipande cha plastiki ngumu, na ncha zifungwe kwa kamba ya nailoni, si waya, ili umeme wa antena usivuje kwenye mti. Mvinje ni nguzo nzuri. Mnazi nao unafaa ila fikiria nazi zinazoanguka. Pwani yetu ina adui mwingine: chumvi. Kiungo cha shaba kisichofunikwa huwa kijani ndani ya miezi michache na antena hufa kimyakimya, kwa hiyo ziba kila kiungo kwa lami au mpira wa kuzuia maji.

Antena isipite juu wala chini ya nyaya za umeme, wala karibu nazo kiasi cha kuziangukia. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya, chomoa kebo kwenye redio na uitoe nje ya nyumba. Usingoje ngurumo ya kwanza.

Kuhusu nguvu: redio ya wati 100 huvuta karibu ampea 20 ikirusha, na karibu ampea moja ikisikiliza. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 50. Kusikiliza kutwa kucha ni 24. Kuzungumza kwa jumla ya saa moja, kwa wastani wa ampea 10, ni 10 nyingine. Jumla ni 34, na paneli ya sola hurudisha sehemu yake kesho yake. Ukishusha nguvu kutoka wati 100 hadi 25, msikilizaji wako ataona sindano yake imeshuka alama moja tu, lakini betri yako itashukuru.

Saa mbili ya nani?

Hili halimo kwenye vitabu vya kigeni, na kwetu ni la hatari. Kijiji kimezingirwa na maji na mtu anasema hewani: "Mashua ije saa mbili." Aliye upande wa pili, aliyezoea kuandika kwa Kiingereza, anaandika 2. Mashua inaweza kuchelewa saa sita.

Waendeshaji wa redio duniani kote hutumia saa moja ya pamoja, UTC, iliyo nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Kwa anayehesabu saa za Kiswahili, kanuni ni nyepesi. Mchana ongeza 3: saa mbili asubuhi ni 05:00 UTC, saa kumi na mbili jioni ni 15:00. Usiku ongeza 15, na ikizidi 24 ondoa 24: saa tatu usiku ni 18:00, saa kumi na moja alfajiri ni 02:00. Tarehe ya UTC nayo hubadilika saa tisa usiku, si saa sita.

Ndani ya kaunti si lazima kutumia UTC, lakini kila saa itajwe kwa tarakimu nne na kusemwa ni ya Kenya au ya UTC. "Sifuri nane sifuri sifuri, saa za Kenya" haina utata kwa mtu yeyote.

Ujumbe wa dharura huandikwa kwanza ndipo usomwe. Nani anatuma, yuko wapi, nini kimetokea, watu wangapi, wanahitaji nini, saa ngapi. Kwa mfano: "Kutoka kwa chifu, kwenda kwa Msalaba Mwekundu Malindi. Watu 14, wakiwemo wazee wawili na mjamzito mmoja, wamezuiliwa shuleni. Maji ya kunywa yameisha. Wanahitaji mashua. Sifuri nane sifuri sifuri, saa za Kenya." Anayepokea husoma yote tena neno kwa neno, na mtumaji hukiri au kusahihisha. Majina ya watu na vijiji hutajwa herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa: Alfa, Bravo, Charlie, Delta na kuendelea. Herufi B, D na P hufanana sana hewani penye kelele. Usiongeze lako. Ukiambiwa 14, sema 14, usiseme "kama kumi na tano hivi".

Tunayo mifano ya kweli ya kazi hii. Tarehe 26 Desemba 2004, Bharathi Prasad, mwendesha redio wa ridhaa kutoka India, alikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman pamoja na wenzake, wakifurahia redio tu. Tsunami ilipopiga na simu zikakatika, mitambo yao ya burudani ikageuka kuwa njia ya kupeleka habari za dharura bara na kuwajulisha watu kuhusu ndugu zao. Mawimbi yale yale ya bahari yalifika hadi pwani ya Malindi siku hiyo hiyo. Waliofanya kazi Port Blair waliweza kwa sababu walikuwa tayari na leseni, antena ikiwa juu na mazoea yakiwa mkononi.

Leseni

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Makao yake makuu yako Waiyaki Way, Nairobi, na ofisi ya kanda ya Pwani iko Mombasa. Uliza mambo matatu: sifa na mtihani unaokubaliwa kwa sasa, ada, na iwapo kifaa unachotaka kununua kimeidhinishwa kutumika nchini. Swali la mwisho liulize kabla ya kuagiza kifaa kutoka ng'ambo, si baada ya kuzuiliwa forodhani.

Kwa masomo, jiandae katika sheria na mipaka ya masafa, umeme wa msingi (volti, ampea, wati na uhusiano wake), antena, usalama, na adabu ya hewani. Chama cha kitaifa cha waendeshaji hawa kinaitwa Amateur Radio Society of Kenya, ARSK kwa kifupi. Ndicho mahali pa kumpata mtu mwenye uzoefu wa kukuongoza, na mtu huyo mmoja ana thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Shule na vyuo vya ufundi vinaweza kuanza na kikundi cha kusikiliza: redio moja ya SSB, waya na daftari. Mwalimu wa fizikia atapata humo somo la mawimbi, wa jiografia ataweka pini kwenye ramani. Mwanafunzi akifika umri na sifa za leseni atakuwa amezoea kusikia kabla ya kusema.

Siku ya kwanza ya kuzungumza, sikiliza kwanza kama masafa yako wazi. Uliza kama yanatumiwa. Usipojibiwa uliza tena, kisha ita "CQ" mara tatu, maana yake namwita yeyote, na utaje alama yako polepole, mara mbili. Akijibu, mpe kipimo cha jinsi unavyomsikia, jina lako na mahali ulipo. Mkiagana husemwa 73, salamu ya heri ya waendeshaji wote. Kisha achilia kitufe, usikilize kama kuna mwingine anayekuita.